Jicho la Basi la Kasanga

Watu wa mtaa wa Kizwite, Sumbawanga mjini, walishazoea kumwona Redempta akikimbilia stendi asubuhi na begi mgongoni. Kwa mwaka mzima alipanda basi la Sumbawanga kwenda Kasanga na kurudi nalo jioni, kesho yake tena, keshokutwa tena, na hakuwa na ndugu Kasanga wala hakuwa mchuuzi wa migebuka, wale samaki wa ziwani. Wengine walisema ni mpelelezi. Wengine, wale wasioweza kukaa na neno mdomoni hata dakika mbili, walisema kampenda dereva. Dereva mwenyewe, mzee Clemens, alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na wajukuu tisa na magoti mabovu, na mke wake alimwambia kama kuna binti anamtaka aje amchukue leo hii, na dawa zake za kuchua pamoja.

Ukweli ni kwamba Redempta alikuwa akipiga picha. Alisomea kompyuta Mbeya, akarudi nyumbani na jambo moja kichwani: kulipatia basi jicho la pili. Barabara ile aliijua. Ilipowekwa lami, magari yalianza kukimbia, lakini watu hawakubadilika, waliendelea kutembea kwa miguu yao kama zamani, na kila masika kuna nyumba iliyopata msiba kwa sababu ya ukungu. Mjomba wake aliondoka hivyo. Hakupenda kulisema, lakini ndilo lililomfanya aamke mapema.

Sasa, jicho lenyewe lilikuwa hivi. Kuna programu za kompyuta ambazo wataalamu huziita mitandao ya neva. Jina lisikutishe. Ni programu inayofundishwa kwa mifano. Unaipa picha elfu za ng'ombe, na katika kila picha umemchorea ng'ombe kisanduku, unaiambia huyu ni ng'ombe, na huyu, na huyu, mpaka siku moja unaionyesha ng'ombe ambaye haijawahi kumwona, nayo inamchorea kisanduku yenyewe. Ukiifungia kamera kwenye kioo cha mbele cha basi, ikaona kiumbe kwenye njia ya basi, inapiga kengele. Dereva anashtuka, anakanyaga breki, mtu anafika nyumbani kwake. Basi, ni hivyo tu.

Ile aliyoipakua kwanza ilikuwa imesomea Ulaya. Ilijua taa za njia panda, ilijua treni za mjini, ilijua mbwa aliyefungwa kamba. Ilipofika Ufipa ikawa mbumbumbu. Ng'ombe wa Maganga, yule Msukuma mwenye mifugo mingi njiani, kabla ya kufika mji wa Matai, ililiita kundi zima farasi. Baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mahindi iliiita lori. Mkokoteni haikuthubutu hata kuupa jina. Ndiyo maana Redempta alipanda basi mwaka mzima, kamera kwenye kioo, akikusanya picha za kwao ili aifundishe upya. Alipata picha elfu kumi na moja.

Kuchora visanduku katika picha elfu kumi na moja si kazi ya mtu mmoja. Alimwomba rafiki yake wa chuoni, Rose, binti wa Mbeya aliyekuja Sumbawanga kumfuata kaka yake mtumishi wa halmashauri. Rose alikuwa na moyo wa kazi ila hakuwa na macho ya Ufipa. Gunia la mkaa lililoachwa kando ya njia alilichorea kisanduku akaandika "mtu". Kisiki, "mtu". Mzigo wa nyasi za kuezekea, "mtu", na mara moja kichuguu.

"We Rose, hiki ni kichuguu," Redempta alimwambia.

"Mi nimeona kama bibi kajifunika."

"Bibi gani mwekundu hivyo?"

Walicheka, lakini mashine haikucheka. Ilichanganyikiwa. Kila Redempta alipoipima, katika kila watu mia ilipata sabini na wanane, na hapo ikagoma kwa wiki sita. Alibadilisha hiki na kile, akapunguza usingizi na chakula, akawa mkali hata kwa shangazi aliyemkaribisha chumba. Ndipo mchana mmoja akapata dawa. Magunia, visiki na vichuguu vya Rose vilikuwa na jambo moja: vyote vilikuwa vipana kuliko urefu wake. Na mtu je? Mtu ni mrefu kuliko upana wake, nani asiyejua? Akaandika mstari mmoja tu katika programu, kwamba kisanduku chochote cha mtu kilicho kipana kuliko urefu wake kifutwe. Vikafutika elfu moja mia moja na arobaini kwa pigo moja. Mstari uleule akauweka na katika mashine ya basini, ili barabarani nako isije ikapigia visiki kengele.

Alipoipima tena, ilipata watu tisini na watatu katika mia. Redempta alirukaruka chumbani mpaka shangazi akaja kugonga mlango. Hakuvitazama vile vilivyofutwa, hata kimoja. Nani hutazama takataka alizokwisha kuzifagia?

Mwenye basi alikuwa mzee Ambilikile, Mnyakyusa aliyefika Sumbawanga zamani, miaka biashara binafsi zilipoanza kuruhusiwa, akiuza vitunguu chini, na sasa alikuwa na mabasi matatu na sauti ya kujaza stendi nzima. Alilipenda lile jicho kuliko hata Redempta mwenyewe. Alimwonyesha padri, alimwonyesha mkuu wa stendi, alimwonyesha kila mtu aliyesimama karibu na basi kwa bahati mbaya. Wamiliki wenzake wa mabasi kutoka mikoa mingine wangekuja mwisho wa mwezi wa pili kuliona. Wakiridhika, wangelifunga katika mabasi yao yote.

Mzee Clemens ndiye aliyechelewa kulikubali. Alikuwa ameendesha miaka ishirini na saba bila kumgusa hata kuku, na alijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia watoto waliosoma. Lakini asubuhi moja kengele ililia kabla hajaona kitu, akapunguza mwendo, na kweli kutoka kwenye ukungu akatokea mtu na baiskeli yake. Tangu siku hiyo alikuwa akiwaambia abiria, "Macho ni yangu, lakini masikio nimemwachia binti yangu."

Redempta aliposikia hivyo alifurahi sana. Baadaye yale maneno ndiyo yaliyomkosesha raha.

Ajali ilitokea Jumanne ya pili ya mwezi wa pili, saa mbili na dakika arobaini na moja asubuhi, mbele kidogo ya maboma ya kina Maganga. Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Basi lilikuwa likienda taratibu. Mwanamke mmoja, Coleta, alikuwa ukingoni mwa lami, na basi likamgonga kwa pembeni, likamvunja mguu wa kushoto na mkono. Alikuwa hai. Clemens mwenyewe ndiye aliyembeba mpaka ndani ya basi, akageuza, akamleta hospitali mjini na abiria wote, hakuna aliyenung'unika.

Lakini jioni ile abiria walipohojiwa, watu kumi na tisa walisema neno moja: kengele ililia. Waliisikia kwa masikio yao. Ililia, kisha kitambo kidogo wakasikia kishindo. Afande Shedrack wa trafiki, kijana mwenye mwandiko mzuri na subira ndogo, aliandika yote, akachukua leseni ya Clemens, akamwambia kwamba dereva aliyeonywa na mashine na akapuuza hana pa kujitetea. Angefikishwa mahakamani. Kesho yake stendi nzima ilikuwa ikisema mzee Clemens alisinzia.

Mzee Ambilikile alimwita Redempta ofisini. Siku ile sauti yake ilikuwa ndogo.

"Binti, mimi Clemens nampenda. Tumetoka mbali naye. Lakini watu kumi na tisa si mmoja. Ijumaa afande anakuhitaji wewe, ukathibitishe kwamba mashine ilifanya kazi yake. Sema ililia, weka sahihi, basi. Wageni wetu wanakuja mwisho wa mwezi."

"Ngoja kwanza nikaangalie kumbukumbu, mzee."

"Kaangalie. Utakuta ililia."

Hakuwa akimtuma kusema uongo. Mzee yule aliamini kabisa. Ndilo lililoumiza: wote waliiamini mashine yake kuliko walivyomwamini mtu waliyepanda basi lake miaka ishirini na saba.

Redempta alitoa kadi ya kamera, akaifungua nyumbani. Aliiweka saa mbili na dakika arobaini. Ukungu, mchirizi wa lami, kisha ng'ombe wawili wa Maganga wakikatiza; vikachorwa visanduku viwili, na chini pameandikwa kwamba kengele imelia. Clemens akapunguza mwendo, ng'ombe wakapita. Hiyo ndiyo kengele waliyoisikia wale kumi na tisa. Zikapita sekunde moja, mbili, tatu. Katika sekunde ya tisa, upande wa kushoto, akatokea kwenye ukungu mzee mmoja amesimama na fimbo, nje kabisa ya barabara, akachorewa kisanduku bila kengele kwa kuwa hakuwa njiani. Na mbele ya yule mzee, mgongo kwa basi, kitu kifupi kimekaa ukingoni mwa lami. Kipana. Kitenge kimetanda pande zote, kikapu kando.

Hakikuchorewa kitu.

Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa Mfipa, alizaliwa katika nyumba ambamo binti hapiti mbele ya mkubwa amesimama. Mkwe akikutana na baba mkwe wake njiani, anatua mzigo, anachuchumaa, anapiga makofi polepole, na hainuki mpaka mzee amejibu. Redempta mwenyewe alichuchumaa hivyo utoto wake wote, kisimani, kanisani, njiani. Ila alikuwa ameishi mjini miaka saba, ambako salamu ni mambo na poa, na mtu anamsalimu mtu amesimama wima na simu mkononi. Siku aliyoandika kwamba mtu ni mrefu kuliko upana wake, alikuwa akiwawaza watu wa mjini.

Akafungua zile alama elfu moja mia moja na arobaini alizozifuta. Magunia yalikuwemo, ndiyo. Visiki vilikuwemo, na kichuguu cha Rose. Lakini zaidi ya nusu walikuwa watu. Wanawake wamechuchumaa mbele ya vikongwe. Wasichana watatu wamechuchumaa mbele ya katekista. Mwanamke na mtoto wake mdogo, wote wamechuchumaa, mtoto anamwangalia mama aone mikono inawekwaje. Rose hakukosea, aliwaona. Aliyewafuta ni yeye. Na alipoipima mashine akaona imepanda mpaka tisini na tatu, ni kwa sababu hata kwenye mtihani wenyewe alikuwa amewaondoa, kama mwalimu anayefuta maswali magumu halafu anasifu darasa.

Alilia. Kisha, na hili lazima lisemwe kwa kuwa ni kweli, aliwaza kunyamaza. Hakuna mtu mwingine Sumbawanga nzima aliyeweza kuisoma ile kumbukumbu. Angeweza kuurekebisha ule mstari kimyakimya, mashine ikawa nzuri kweli, ikaokoa watu wengi, na Clemens alikuwa karibu astaafu hata hivyo. Aliliwaza hilo jioni nzima, akalipamba, likapendeza. Asubuhi akapanda bodaboda kwenda Mollo, nyumbani kwa Clemens, bila kujua atasema nini.

Alimkuta uani anapukuchua mahindi. Mke wake, mama Kristiana, alimkaribisha kigoda akaingia ndani haraka, macho mekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akaendelea kupukuchua. "Nimekuwa nikifikiri. Mimi nilisikia kengele ya ng'ombe. Baada ya hapo sikusikia tena. Lakini watu kumi na tisa hawawezi kuwa viziwi wote, si ndiyo? Kwa hiyo kiziwi ni mimi."

"Baba..."

"Ngoja nimalize. Nilimwona pale mwisho kabisa, nikakanyaga breki, nikakata usukani. Sasa nasema, labda mashine ilinipigia kelele na mimi nimelala macho wazi. Uzee huanzaga hivyo. Wewe Ijumaa ukiulizwa, usinionee haya. Kama ililia, sema ililia. Afadhali nijue nimekwisha kuliko nije niue mtoto wa mtu."

Yale mapambo yote ya jana yakamdondoka Redempta. Mzee aliyesikia vizuri kwa masikio yake alikuwa ameanza kuyakana, kwa sababu ya mstari mmoja alioandika mtoto wa juzi akikimbilia chakula cha mchana.

"Haikulia, baba," alisema. "Masikio yako ni mazima. Ililia ya ng'ombe tu. Yule mama haikumwona. Niliifundisha mimi isimwone."

Clemens aliacha kupukuchua. Redempta akamweleza yote, visanduku, magunia, mstari. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, gunzi mkononi, kisha akamwita mke wake kwa sauti kubwa aje asikie naye. Mama Kristiana alipoelewa alikaa chini palepale akajifunika uso kwa kanga.

"Ukisema hivyo, jicho lako watalitupa," Clemens alisema.

"Walitupe."

"Mwaka mzima, mwanangu."

"Na wewe ishirini na saba, baba."

Ijumaa kituoni walikuwepo afande Shedrack, mzee Ambilikile, Clemens, na mzee Flavian, baba mkwe wa Coleta, yule mwenye fimbo. Mzee Flavian alikuja kwa ajili ya kumwona dereva anafungwa, na hakulificha hilo. Redempta alifungua kompyuta akaonyesha, akaeleza, akasema kosa ni lake. Mzee Ambilikile alishika kichwa kwa mikono miwili. Afande aligongagonga kalamu mezani.

"Dada, haya maandishi ya kengele unayaandika wewe au yanajiandika?"

"Mashine inaandika yenyewe, afande."

"Na wewe unaweza kuyabadilisha?"

"Naweza."

"Basi! Mzee huyu umepanda basi lake mwaka mzima, anakuita binti yangu. Nitaaminije hujambadilishia?" Akainua karatasi za abiria. "Hapa nina watu kumi na tisa."

"Na hata kama haikulia," Ambilikile alidakia, akishika tawi lolote, "ulikuwa ukungu tu! Ukungu hata wewe unakuziba macho."

"Si ukungu, mzee. Hata jua likiwaka haimwoni mtu aliyechuchumaa. Twendeni palepale na basi. Mtaona wenyewe."

Walikwenda adhuhuri, na jua lilikuwa limewaka kweli, unaona mpaka miti ya bonde la pili. Watu walikusanyika. Wanawake wa pale kijijini walisimama kwa kundi, na baadhi yao waliendelea kumtazama Clemens kwa jicho baya. Mpango ulikuwa rahisi. Clemens, kwa ruhusa ya afande, angeleta basi kutoka mbali kwa mwendo wa mtu anayetembea, afande akiwa mlangoni asikie, na mtu mmoja akae pale alipokaa Coleta. Kwanza asimame. Halafu achuchumae.

Redempta aliwaomba wale wanawake. Hakuna aliyesogea.

"Kuchuchumaa kwa nani?" aliuliza mmoja.

"Ni jaribio tu, mama. Basi litasimama mbali."

"Nimekuuliza, kwa nani? Mtu anachuchumaa kwa mtu. Mimi nikachuchumae kwa basi? Wanangu wanaona?"

Wengine wakaguna kumuunga mkono. Afande akataka kutoa amri, Redempta akamwekea mkono kumzuia. Yule mama alikuwa amesema kweli. Jambo lile si mchezo wa viungo, na mtu anayemtaka mwenzake alifanye bure anamdhalilisha. Redempta akajitazama, suruali ya jinzi, raba za mjini. Akaomba kitenge. Yule mama aliyeuliza ndiye aliyejifungua kimoja akampa, akamtazama anavyokifunga, akakivuta kidogo pembeni kikae sawa.

Kisha akaenda mpaka kwa mzee Flavian, aliyekuwa amesimama mbali na wote.

"Babu, nakuomba usimame pale uliposimama siku ile. Mimi nitakuja kukusalimia. Sijakusalimia tangu tumeonana kituoni, na nina neno la kukuomba."

Mzee alikwenda. Alisimama nje ya lami, fimbo mbele.

Mara ya kwanza Redempta alisimama wima ukingoni. Basi likaja polepole, na bado likiwa mbali, hatua themanini hivi, kengele ikalia mpaka nje ikasikika. Watu wakaguna. Afande akaandika. Clemens akarudisha basi nyuma.

Mara ya pili Redempta aligeuza mgongo kwa basi, akachuchumaa mbele ya mzee Flavian. Kitenge kikatanda. Ilikuwa miaka saba, lakini magoti yalikumbuka, na mikono ikajikunja yenyewe. Akapiga makofi polepole.

"Shikamoo, babu."

Nyuma yake alisikia basi likianza kuja. Kengele ilikuwa kimya.

"Babu, aliyemuumiza mkweo ni mimi. Huyu baba aliyeshika usukani hakupuuza kitu. Mimi ndiye niliyekifundisha chombo hiki kwamba mtu aliyekaa kama nilivyokaa si mtu. Nakuomba unisamehe."

Mzee Flavian hakujibu. Alikuwa akitazama juu ya kichwa chake, basi linavyokuja. Midomo yake ilicheza bila sauti. Hatua sitini. Hatua hamsini. Pale kwenye kundi hakuna aliyekohoa, na kila mtu alikuwa ametega sikio kwa kengele, nayo haikulia.

Hakuna aliyejua, isipokuwa mzee mwenyewe, alichokuwa anakiona. Asubuhi ile Coleta alipochuchumaa mbele yake, hakumjibu upesi. Yeye hajawahi kujibu salamu upesi, ni mtu wa zamani. Alimuuliza kwanza habari za watoto, habari za mbuzi, habari za shamba la ulezi, na mkwe wake, mwenye adabu zake, alijibu kimoja kimoja akiwa amechuchumaa, akingoja marahaba ndipo ainuke. Tangu siku ile mzee alitaka dereva afungwe. Alimhitaji sana afungwe.

Hatua arobaini. Kimya.

"Marahaba!" mzee Flavian alipiga kelele, sauti ikampasuka. Akatupa fimbo, akamshika Redempta mabega kwa mikono yote miwili. "Marahaba, mwanangu, marahaba! Inuka! Inuka sasa hivi!"

Akamvuta. Redempta akainuka, na alipokwisha kusimama wima, kengele ikalia.

Ililia kwa nguvu, ikiwaonya watu juu ya mtu ambaye wote walikuwa wakimwona muda wote ule. Basi lilikuwa limekwisha kusimama. Clemens alikuwa amekanyaga breki zamani, kwa macho yake, na sasa alikuwa ameinamisha paji la uso juu ya usukani. Mzee Flavian hakumwachia Redempta. Alikuwa akilia kama mtoto, akisema, "Ningemjibu. Ningemjibu tu," na wale wanawake wakaja mbio kumshika.

Afande Shedrack alishuka akitafuta ukurasa mweupe. Aliuliza, kwa upole ambao hakuwa nao kituoni, ule mstari wa vile visanduku uandikwe uliwekwa na nani.

"Na mimi," Redempta alisema, na akamtajia jina lake lote, herufi kwa herufi, ili asilikosee.